Waifai ya Bibi na Njia ya Wapagazi

Bibi yangu hawezi kuongea na simu akiwa amekaa. Ukimpigia, anapokelea sebuleni, shikamoo inamkuta koridoni, habari za watoto anaziulizia jikoni, na mazungumzo yakishakolea yuko uani chini ya mwembe, anageuza mahindi yaliyoanikwa. Nyumba yenyewe ni ya Tabora ya zamani. Kuta ni za tofali za udongo, nene kweli kweli, na vyumba vya nyuma vimeongezwa kimoja kimoja kadiri ukoo ulivyokua. Waifai ya sebuleni ilikuwa inaishia mlango wa jikoni.

Hilo lisingenisumbua kama si hadithi ya babu yake. Dada yangu anaishi Muscat na wanawe wawili, na kila Jumapili anampigia bibi kwa video ili watoto wamsikie. Bibi alikuwa na hadithi aliyokuwa akiirudia: babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, akibeba mizigo kati ya Unyamwezi na pwani. Anaanza vizuri sebuleni. Babu anaaga mama yake, anajitwisha mzigo, anaondoka na wenzake. Wakifika kwenye ile safari ambayo babu aliutua mzigo chini akakataa kuendelea, bibi naye anakuwa amefika mlango wa jikoni. Picha inaganda. Simu inakata. Wanawe dada walishaizoea hadithi isiyo na mwisho, na kusema kweli hata mimi nilikuwa sijawahi kuusikia.

Nilipokwenda likizo nikaamua kulimaliza. Nilianza kama wengi wetu tunavyoanza, kwa pupa. Nilinunua kile kifaa cha kuchomeka ukutani cha kurefusha mtandao, nikakiweka koridoni. Kikaja na jina lake na paswedi yake. Kisha nikaongeza ruta ya zamani huko uani, nayo ina jina lake. Sasa nyumba nzima ilikuwa na mawimbi, lakini simu ya bibi ilikata vilevile, tena mara mbili badala ya moja. Kila akivuka mlango, simu iliachana na mtandao mmoja, ikajitambulisha upya kwa mwingine, ikapewa anwani mpya, na mazungumzo yaliyokuwa yakipita kwenye anwani ya zamani yakafa. Mawimbi yalikuwapo kila mahali. Kilichokosekana ni makubaliano kati ya vituo.

Hapo nikaikumbuka Ugogo.

Anayesoma habari za misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji atakutana na malalamiko yaleyale kila msafara unapofika Ugogo: hongo. Leo neno hilo tunalijua kama rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa kupita. Kila mtemi alikuwa na nchi yake na visima vyake, na katika nchi kame kama ile, anayemiliki kisima anamiliki njia. Msafara ulifika, ukapiga kambi, ukaanza kujadiliana: nguo kiasi gani, shanga za aina gani, waya kiasi gani. Siku zikapita. Mkikubaliana mnaruhusiwa kwenda, na mbele kidogo kuna mtemi mwingine ambaye hajui wala hajali mlichomlipa jirani yake. Mnajitambulisha upya. Barua ya utambulisho kutoka Zanzibar, iliyofungua milango kwa wafanyabiashara wa Kiarabu, hapa haikuwa na uzito mkubwa. Wazungu waliandika kwa hasira kuhusu tamaa ya Wagogo. Mimi, nikiwa na vituo vitatu vyenye majina matatu, niliona watemi wenye haki ya kutoza na njia isiyo na makubaliano ya pamoja.

Tabora ilikuwa kitu tofauti. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Wakakaa zaidi ya mwezi mmoja. Hawakukaa kwa sababu ya ugonjwa peke yake. Hapa ndipo msafara ulipovunjwa na kuundwa upya. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka pwani walikuwa wamefika kwao. Wakatua mizigo wakaenda makwao. Anayetaka kuendelea magharibi hadi Ujiji, au kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, alitafuta wapagazi wengine. Mzigo, ambao kwa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, ulibadilisha bega. Kilichowezesha hayo ni kwamba pande zote zilijua masharti: thamani ya doti ya nguo, kiasi cha posho, kazi ya kirangozi anayetangulia, na Kiswahili cha kuyasemea hayo yote. Tabora haikuwa na bahari, ziwa wala mto mkubwa. Utajiri wake ulikuwa kujua kupokezana.

Basi nikafumua kila kitu nikaanza upya. Nilibakiza ruta moja tu ya kugawa anwani, ile ya sebuleni. Vingine viwili, cha koridoni na cha uani, nikavifanya vituo vya kurushia mawimbi tu, na nikavuta waya wa mtandao juu ya dari hadi kwenye kila kimoja, kwa sababu kituo kinachopokea mawimbi dhaifu kitarusha udhaifu uleule. Vyote vitatu nikavipa jina moja, paswedi moja na aina moja ya ulinzi. Nikavipangia chaneli 1, 6 na 11 ili visipigiane kelele. Halafu nikafanya jambo ambalo fundi wa jirani aliliona la kichaa: nikapunguza nguvu ya mawimbi.

Sababu yake ndiyo siri ya kazi nzima. Watu wengi tunadhani kituo ndicho kinachoamua simu ihamie wapi. Sivyo. Simu ndiyo inayoamua. Inaweza kung'ang'ania kituo cha sebuleni hata ikiwa uani, mradi inasikia kamlio kadogo tu, huku kituo chenye nguvu kikiwa mita mbili kutoka hapo. Vituo vinaweza kusaidia. Kuna kanuni za kiufundi za kazi hiyo: 802.11k humpa msafiri orodha ya vituo jirani, 802.11v humshauri ahamie kipi, na 802.11r huandaa utambulisho mapema ili asisimamishwe mlangoni kuhojiwa upya. Vifaa vingine vya zamani huikataa hiyo ya mwisho, kwa hiyo ni vizuri kuijaribu kwanza. Lakini ushauri unabaki ushauri. Ukitaka simu ihame, tengeneza mazingira ambayo kuhama kuna faida kwake, na usiache mawimbi ya sebuleni yakamfuate hadi kwenye mwembe.

Msafiri ndiye anayeamua. Sentensi hiyo ilikaa nami, maana vitabu vya safari vimejaa neno linaloipinga: watoro. Usiku wametoroka watatu. Asubuhi wametoroka wanane. Mwandishi yuko hemani, mizigo imelala chini, na anaandika kuhusu uvivu na hila za wapagazi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anatuonyesha picha nyingine: wafanyakazi wa ujira waliokuwa na fahari ya kazi yao, waliodai posho, waliogoma, na walioondoka masharti yakivunjwa. Wageni wa wakati ule wenyewe waliandika kwamba miongoni mwa Wanyamwezi, kijana ambaye hajafika pwani hakuhesabiwa mwanaume kamili.

Hapa mfano wangu wa waifai lazima usimame. Njia ileile ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na wao hawakuamua lolote. Mpagazi wa ujira na mtumwa waliweza kukanyaga vumbi moja siku moja, kila mmoja na pembe ya ndovu begani. Kuisifu njia bila kulisema hilo ni kudanganya.

Ila kuna tukio moja ambalo waamuzi walikuwa wabebaji, na halina ubishi. Nje kidogo ya mji, Kwihara, kuna tembe ambalo leo ni makumbusho. David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika hapo Februari 1872 wakitoka Ujiji, kwa njia ya kuzunguka kusini, kwa sababu vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilikuwa vimeikata njia ya kawaida. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani. Livingstone akabaki, akisubiri watu wa kumbebea mizigo. Alisubiri hadi Agosti, walipofika watu 57 waliotumwa na Stanley. Mzungu maarufu kuliko wote barani alikaa miezi mitano hivi asiweze kwenda popote, kwa kukosa mabega.

Alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliukausha mwili wakaubeba kurudi. Oktoba mwaka huo walifika Unyanyembe, yaani hapa Tabora, wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe hapahapa. Walikataa. Hakuna aliyekuwa na amri ya kuwaendesha tena. Aliyewaajiri alikuwa ndiye mzigo. Wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Majina ya Susi na Chuma tunayo kwa sababu walimbeba mtu mkubwa. Wengine maelfu hatuna. Kiswahili kina maandishi ya thamani kuhusu njia hii: maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, na safari ya bara ya Selemani bin Mwenye Chande iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Lakini hizo ni sauti za wafanyabiashara, wenye mizigo. Wabebaji wenyewe, wengi wao, hawakuandika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi yao kubwa ya kuunganisha nchi ikaisha. Waliyoyajua yalibaki vinywani mwa watu kama bibi.

Jumapili ile dada alipiga saa moja jioni. Nilikaa koridoni na simu yangu, nikiangalia vituo. Bibi akapokea sebuleni, akatembea. Mlango wa jikoni nikabana pumzi. Kwenye orodha ya ruta niliona simu yake inatoka kituo cha kwanza na kuingia cha pili, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. Akapita jikoni. Akatoka uani.

"Basi babu akautua mzigo," akasema, "tajiri akamwambia, beba. Babu akamjibu, tulipatana Unyanyembe, na hapa ni Unyanyembe. Na mawingu hayo, mvua inakuja, mimi nina shamba. Akachukua upinde wake akaenda nyumbani."

Mtoto mmoja wa dada akauliza kwa Kiswahili chake cha Muscat: "Kwa hiyo alitoroka?"

Bibi akacheka. "Nani alikuambia alitoroka? Mtu akienda kwake anatoroka?"

Simu ilipoisha nilimwambia kuwa miaka yote hii tulikuwa hatujausikia mwisho huo. Akaniangalia kwa mshangao.

"Mume wangu, mbona mimi nilikuwa naumaliza kila siku?"

Ni kweli. Aliumaliza kila Jumapili, chini ya mwembe, simu ikiwa imekata bila yeye kujua. Usiku ule niliandika alichosema neno kwa neno, kabla sijalala. Daftari nimeliacha Tabora na nakala iko Muscat.