Stesheni Wagoni za Zamani Bujumbura: Ufundi wa Buyenzi na Upenzi wa Kibenga

Upenzi wa kutunza na kurekebisha magari ya zamani yanayosukumwa na magurudumu yote manne huelezwa mara nyingi kuwa burudani ya nchi tajiri, ambako mwenye gari la namna hiyo huwa na jingine la kwendea kazini, na hulishughulikia la zamani siku za mapumziko kwa spea anazoletewa mlangoni. Maelezo hayo hayautoshi mji wa Bujumbura. Katika mitaa yake ya kusini, hususani Kibenga, mtaa wa makazi ulio karibu na Ziwa Tanganyika ambao wafanyabiashara na watumishi wa mashirika ya kimataifa wamekuwa wakipanga na kujenga, stesheni wagoni ya miaka ya 1980 au 1990 iliyotunzwa vizuri ni fahari ya mwenyewe na wakati huohuo ni chombo cha kazi. Makala haya yanafuatilia jinsi upenzi huo ulivyojengeka, na hoja yake ni kwamba haukuletwa kutoka nje ukiwa umekamilika, bali ulichipuka katika ufundi uliozaliwa na mambo matatu: sura ya nchi, urefu wa njia ya bidhaa, na uhaba uliojirudia.

Milima, ziwa na reli

Bujumbura iko kwenye mwinuko wa takriban mita 775 juu ya usawa wa bahari, na mara tu mtu anapoupa mji kisogo na kuelekea mashariki, ardhi hupanda ghafla hadi kwenye kigongo kinachogawa maji yaendayo mto Kongo na yale yaendayo Nile. Barabara ya taifa namba 1, iendayo Kayanza na Rwanda, hufika Bugarama, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kabla ya kutimiza kilomita 40. Barabara namba 7 ya Ijenda nayo hupanda vivyo hivyo, ilhali namba 3 hufuata ufuko kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac. Safari ya kupanda huchemsha rejeta, na ile ya kushuka huchemsha mafuta ya breki, hata dereva asiyetumia gia ndogo kulizuia gari huweza kufika chini akikanyaga pedali isiyoshika. Nje ya lami, njia za milimani huteleza wakati wa masika kiasi kwamba gari linalosukumwa na ekseli moja tu hukwama pale ambapo lenye ekseli mbili za kusukuma hupita polepole.

Njia ya kuufikishia mji huo magari na spea ilikuwa ndefu tangu mwanzo. Reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Wabelgiji kuitwaa Ruanda-Urundi mwaka 1916, mkataba wao na Waingereza wa mwaka 1921 uliwapa maeneo maalumu ya kupitishia mizigo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, yaliyojulikana kwa jina la Belbase. Mzigo kutoka Ulaya ulishushwa pwani, ukasafirishwa kwa treni umbali wa takriban kilomita 1,250, kisha ukapakiwa kwenye meli ya ziwani hadi Usumbura, kama mji ulivyoitwa kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Hata baada ya malori kushika sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa barabara inayoingilia mpaka wa Kobero, spea iliyoagizwa ilibaki kuwa kitu cha kusubiriwa, na aliyeitegemea alilazimika kuweka akiba, kuazima, au kutengenezesha.

Urithi mwingine wa mipaka hiyo ya kikoloni unaonekana hadi leo barabarani. Burundi huendesha upande wa kulia kwa desturi ya Wabelgiji, lakini jirani yake Tanzania huendesha upande wa kushoto kwa desturi ya Waingereza, na magari mengi yaliyotumika hununuliwa Japani na kushushwa Dar es Salaam yakiwa na usukani wa kulia. Ndiyo maana Bujumbura ina magari ya aina moja yenye usukani pande zote mbili, jambo ambalo humfanya fundi wa huko kujua mifumo miwili ya usukani badala ya mmoja.

Magari yenyewe

Ukoo wa magari haya unaanzia kwenye jipu la kijeshi la Marekani la Vita Kuu ya Pili. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita; miaka minne baadaye, kampuni ya Minerva ya Antwerp ilianza kuziunda kwa leseni kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, zikiwa na bodi ya chuma na madigadi ya mbele yaliyokatwa mshazari. Kwa upande wa Japani, Toyota ilitengeneza gari la majaribio lililoitwa BJ, ambalo mwaka 1951 lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser.

Stesheni wagoni ni tawi la ukoo huo lenye bodi iliyofunikwa yote, ambamo abiria na mizigo hukaa chini ya paa moja na mlango wa mizigo huwa nyuma. Toyota ilitoa stesheni wagoni ya mfululizo wa 55 mwaka 1967, ikafuatiwa na ya 60 mwaka 1980 na ya 80 kuelekea mwaka 1990, huku mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, ukilenga kazi ngumu zaidi. Tofauti kati ya 60 na 80 ni ya msingi kwa mpenzi wa magari haya: ya kwanza hukalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, ambazo hubeba mzigo mzito na kurusha abiria, ilhali ya pili hukalia springi za mzunguko, ambazo hulainisha safari. Zote mbili zimejengwa juu ya chesi, yaani fremu ya chuma iliyo mbali na bodi, na ekseli ya mbele ni mhimili mmoja mzima kutoka gurudumu hadi gurudumu.

Injini za dizeli zilizofungwa katika magari mengi ya namna hii ndizo zilizoamua maisha yake marefu. Injini ya 2H, yenye silinda sita na ujazo wa karibu lita 4, huendesha mfumo wake wa vali kwa meno ya gia. 1HZ iliyofuata, yenye lita 4.2, hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila baada ya takriban kilomita 100,000, na aliyenunua gari mnadani bila kumbukumbu za matengenezo hupaswa kuubadilisha kwanza kabla ya jambo jingine lolote. Zote mbili hupokea mafuta kutoka kwenye pampu isiyotegemea kompyuta, na kwa sababu hiyo hitilafu yake hutafutwa kwa sikio, kwa spana na kwa rangi ya moshi.

Mashindano yaliyopita

Mwaka 1991 upenzi wa magari haya ulipita Burundi katika sura yake ya kimataifa. Mashindano ya Camel Trophy, ambayo tangu mwaka 1980 yalikuwa yakizipeleka timu za mataifa mbalimbali katika nchi zenye njia ngumu, yalifanyika mwaka huo kuanzia Dar es Salaam na kumalizikia Bujumbura, timu zikitumia Land Rover Discovery zilizofungwa mikonga ya kuvutia hewa ya injini, winchi na vichanja vya juu ya paa. Ushindi ulikwenda Uturuki. Kwa mtazamo wa historia, msafara huo ulifuata mwelekeo uleule wa reli na ziwa ambao mizigo ya Burundi ilikuwa imeufuata kwa miongo saba, isipokuwa kwamba ugumu ambao wasafirishaji waliuvumilia kwa lazima, washindani waliutafuta kwa hiari. Mafundi wa Bujumbura hawakuhitaji mashindano hayo ili kujua namna ya kulikwamua gari, wala miaka iliyofuata haikuwapa nafasi ya kuyageuza kuwa desturi ya mji.

Miaka ya uhaba

Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilizifanya barabara za milimani kuwa za hatari, na baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Katika kipindi hicho gari lililopo lilikuwa mali isiyo na mbadala, na gari lililokufa halikutupwa, kwa maana lilikuwa ghala la spea kwa mengine. Wakati huohuo, mashirika ya misaada, na baadaye kikosi cha Umoja wa Mataifa cha ONUB kilichokuwapo kati ya mwaka 2004 na 2006, yalijaza mji magari meupe ya magurudumu manne. Magari ya mashirika huuzwa mnadani yanapotimiza muda wake, na kwa njia hiyo gari lililonunuliwa kwa kazi ya dharura huanza maisha ya pili mikononi mwa mtu binafsi.

Uhaba haukuisha na vita. Ukosefu wa fedha za kigeni umeendelea kupandisha bei ya spea mpya, na tangu miaka ya mwanzo ya 2020 foleni za mafuta zimekuwa sehemu ya maisha ya mji. Katika mazingira hayo tangi la pili la mafuta, ambalo kwingineko hufungwa kwa ajili ya safari za jangwani, lina maana nyingine kabisa, kwa sababu humwezesha mwenye gari kuweka akiba siku ambayo dizeli imepatikana.

Kazi ya fundi

Ufundi huu una makao yake, nayo ni Buyenzi, mtaa wa kale wa Waswahili wa Bujumbura, wenye gereji, wauza spea, wachomeleaji na mafundi wa bodi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kazi. Gari lililoegeshwa uani Kibenga hutegemea mikono ya Buyenzi, na uhusiano huo wa mitaa miwili, mmoja wenye magari na mwingine wenye maarifa, ndio uti wa mgongo wa historia hii.

Kazi moja yatosha kuonesha kiwango cha maarifa hayo. Kwenye ekseli ya mbele ya Land Cruiser ya zamani, kila gurudumu hupinda juu ya tufe la chuma lililojazwa grisi, na ndani yake kuna kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu hata linapokatwa kona. Sili ya ndani inapochakaa, mafuta mepesi ya difu huvuja na kuchanganyika na grisi, kisha uji mweusi huanza kutiririka nyuma ya rimu. Fundi hufungua habu, huchomoa shafti, huosha kila kipande kwa dizeli, hukagua njia za gololi kama zimeliwa, hubadilisha sili na beringi, kisha hurudisha tufe kwa kupanga vibati vyembamba vinavyoamua ukazaji wake. Kipimo cha ukazaji huo huchukuliwa kwa kuuvuta mkono wa usukani kwa mizani ya springi, ya aina ileile inayopimia samaki: beringi zikilegea, usukani hutetemeka; zikikazwa mno, usukani huwa mzito.

Marekebisho mengine yametokana na maji. Difu lenye joto likizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia tundu dogo la kupumulia. Dawa yake ni kuunganisha mpira mrefu kutoka kwenye tundu hilo hadi juu, kando ya injini. Kazi hiyo ya gharama ndogo imepata umuhimu mpya tangu Ziwa Tanganyika lilipoanza kufurika na kuingia katika makazi ya ufukweni, Kibenga ikiwamo. Mkonga, yaani bomba linalochukua hewa ya injini kutoka usawa wa paa, hutazamwa na wengi kama pambo, lakini huilinda injini isinywe maji pale tu viungo vyake vyote vinapozibwa sawasawa. Wenye bomba zuri na maungio mabovu hujidanganya.

Asili na mageuzi

Katika Afrika Mashariki upenzi huu umechukua sura zaidi ya moja. Kenya ilirithi desturi ya mashindano kutoka kwenye mbio za Safari zilizoanza mwaka 1953, na tangu mwaka 1989 ina Rhino Charge, ambamo magari yaliyogeuzwa mno hushindana kufikia vituo kwa umbali mfupi kuliko yote, na michango yake ilisaidia kujenga uzio wa kuhifadhi msitu wa Aberdare. Arusha, ambako Land Rover zilitumika kwa muda mrefu katika utalii, ilifanya tamasha la magari hayo mwezi Oktoba 2024. Sura ya kwanza husifu mageuzi, ya pili husifu ukoo.

Bujumbura haiingii moja kwa moja katika sura yoyote kati ya hizo. Mjadala wa wapenzi wa ng'ambo, kama gari libaki na vipande vyake vya asili au ligeuzwe, hupoteza makali pale ambapo kipande cha asili hakipatikani na kilichochongwa na fundi kimekwisha kubeba mzigo kwa miaka 20. Stesheni wagoni ya namna hiyo haina asili moja ya kurejeshewa. Chesi yake huenda ilitoka mnadani, springi zake zikatoka kwenye gari lililokufa, na usukani wake ukahamishwa. Kila badiliko ni kumbukumbu ya mwaka fulani wa uhaba au wa neema, na anayelirudisha gari kuwa kama lilivyotoka kiwandani hufuta kumbukumbu hizo.

Kutokana na hayo, suala la urithi halihusu sana idadi ya magari yatakayosalia. Magari yanaweza kununuliwa upya Japani na kupita Dar es Salaam kama yaliyotangulia. Kisichonunuliwa ni ujuzi wa kutambua ni kipande gani cha gari lipi kinaingia katika lipi, kipimo gani kinavumilika pasipo kifaa cha kiwandani, na kosa gani huua injini. Ujuzi huo umehifadhiwa kwa mdomo na kwa uanagenzi, na kadiri magari ya kompyuta yanavyoongezeka, vijana wanaoingia gereji wana sababu nzuri za kujifunza mambo mengine. Watafiti wa utamaduni wa mji wanaoorodhesha majengo ya enzi za Wabelgiji wangefanya vyema kuwahoji pia mafundi wazee wa Buyenzi na kuandika majibu yao kwa Kiswahili walichoyasemea, kwa kuwa katika majibu hayo imo historia ya uchumi wa Burundi ambayo takwimu za forodha haziwezi kuisimulia.