Kinanda cha Mawe ya Tochi: Ala za Bei Nafuu katika Muziki wa Temeke

Neno kinanda lina umri mkubwa kuliko vyombo vyote tunavyoviita kinanda leo. Katika Lamu, Mombasa na Unguja ya zamani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, iliyochongwa katika gogo na kuwambwa ngozi, ile ambayo wengine waliiita gambusi na wengine kibangala. Malenga walitongoa, na nyuzi zikawafuata. Baadaye neno likahama. Likaenda kwa hamoniamu iliyotoka Bara Hindi, likapita kwa akodiani, likatua juu ya ogani ya umeme, na mwisho likaangukia kisanduku cha plastiki kilichoundwa Japani, chenye funguo 32 na betri 5 ndogo, kikibebwa begani katika vichochoro vya Tandika na Mbagala. Ni kisanduku hiki ninachokusudia kukizungumza. Sisi wa visiwani, tuliolelewa na sauti ya ganuni na fidla, tulikidharau kwa muda mrefu, nami nilikuwa miongoni mwa waliokidharau.

Ili kuelewa kwa nini chombo duni kiasi hicho kilipata heshima Temeke, hatuna budi kwanza kuuliza ala za muziki zilikuwa mali ya nani. Huku Unguja, tangu Ikhwani Safaa ilipoasisiwa mwaka 1905, ganuni, udi, nai na fidla zilikuwa mali ya chama. Mwanachama alikuja klabuni jioni, akapiga, akaondoka mikono mitupu. Kule Bara mambo hayakuwa tofauti sana, ila mwenye mali alikuwa mkubwa zaidi. Baada ya uhuru bendi nyingi za dansi zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi walikuwa na bendi yao, na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo kambi yake ya Mgulani iko Temeke penyewe, kando ya barabara ya Kilwa, lilikuwa na Kimulimuli. Mwanamuziki alilipwa mshahara na gitaa lilibaki la mwajiri. Akihama bendi, alihama na sauti yake na vidole vyake tu.

Hali ikawa ngumu zaidi baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zilikauka. Aliyetaka nyuzi za gitaa alimtegemea baharia au ndugu aliye ng'ambo. Aliyetaka kinanda cha umeme alitaka jambo lisilowezekana. Tukumbuke bei za dunia zilivyokuwa. Kinanda cha Yamaha kiitwacho DX7, ambacho kilipotoka mwaka 1983 kilibadili muziki wa Ulaya na Marekani, kiliuzwa karibu dola 2,000. Kijana wa Yombo, hata angeuza nyumba ya baba yake, asingepata ruhusa ya kununua dola hizo.

Mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja, moja Dar es Salaam na jingine Tokyo, na hakuna aliyeyapanga yakutane. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Mwaka 1986 ukaja mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa. Huko Japani, kampuni ya Casio, ambayo hadi hapo ilijulikana kwa mashine za hesabu na saa, ilikuwa imeingia katika vinanda mwaka 1980. Mwaka 1981 ilitoa MT-40, na mwaka 1986 SK-1. Hivi havikukusudiwa kwa wanamuziki. Vilikuwa zawadi za watoto, vya kuwekwa chini ya mti wa Krismasi, na baada ya miezi michache kusahauliwa kabatini. Shehena za Ghuba na mizigo ya mitumba ndizo zilizovifikisha Kariakoo.

Waliovipokea walikuwa vijana wa mchiriku. Muziki huu umetoka katika ngoma za Wazaramo, watu wa mwambao huo wa Dar es Salaam, ngoma za harusi na za kumtoa mwali, ukachanganyika na chakacha na kelele za mji. Ngoma ndogo ndogo, manyanga, kigoda kinachopigwa kwa vijiti, kiongozi anayeimba na wenzake wanaomwitikia: hayo yote yalikuwepo. Kilichokosekana ni ala ya kubeba lahani, na hapo ndipo kisanduku kilipopata kazi.

Naomba msomaji aniruhusu nikae kidogo hapa, maana uchaguzi wa ala hii mara nyingi husimuliwa kana kwamba ulikuwa wa bahati nasibu, au wa watu wasiojua kitu bora. Haukuwa hivyo. Sherehe za Temeke zilifanyika uani na barabarani, mahali ambapo umeme haukuwepo, au ulikuwepo na ukakatika. Kinanda kikubwa kingelazimisha jenereta. Kisanduku cha Casio kiliishi kwa mawe ya tochi, na mawe ya tochi yalipatikana katika kila kioski, kwani kiwanda cha Matsushita kilikuwa kikiyatengeneza Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Uzito wake ulimruhusu mpigaji kutembea na maandamano ya harusi. Tena kilikuwa na tundu la kutolea sauti, na tundu hilo ndilo lililoamua kila kitu, maana spika yake yenyewe, ndogo kama kisahani cha kahawa, isingefua dafu mbele ya ngoma moja. Mafundi redio wakakiunganisha na kikuza sauti cha bei ya chini kilichokula betri ya gari, na kikuza sauti kikaunganishwa na honi, zile tarumbeta za bati ambazo kila Mswahili anazijua kwa adhana na mikutano ya siasa.

Honi ni chombo kilichoundwa kwa ajili ya maneno. Haipitishi sauti nzito za chini, wala haina habari na zile nyembamba sana za juu. Hupitisha kwa nguvu eneo la katikati, na humo ndimo usemi wa binadamu ulimo. Mwimbaji wa mchiriku aliyeshika kipaza sauti kibovu na kupiga kelele kupitia honi alipoteza utamu wote wa koo, lakini maneno yalifika nyumba ya kumi. Leo mwanamuziki huenda dukani akachagua mtambo wa kuchakata sauti, wenye vitufe vya kuikwaruza, kuibana na kuifanya isikike kama inatoka ndani ya redio. Watu wa Temeke walikuwa nao mtambo huo miaka ya 1980, umetundikwa juu ya mwembe.

Upungufu wa kinanda nao ulijenga mtindo. SK-1 haiwezi kutoa sauti zaidi ya nne kwa pamoja, na funguo zake ni nyembamba kuliko kidole cha mtu mzima. Mpigaji hakuweza kurundika sauti kama mpiga ogani wa kanisani. Akageukia vifungu vifupi vya lahani, vya haraka, vinavyorudiwa na kurudiwa hadi kichwa kizunguke. Jagwa Music, kikundi kilichoanza mwaka 1992, kiliufikisha mtindo huo mbali. Albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa mwaka 2012 na Crammed Discs ya Ubelgiji, na wasikilizaji wa Ulaya wakastaajabia mlio wa vinanda ambavyo watoto wao wenyewe walikuwa wamevitupa.

Wala Temeke haikuwa peke yake. Mwaka 1985 huko Jamaika, mdundo uliokuwa umehifadhiwa ndani ya MT-40 ulichukuliwa ulivyo, ukapunguzwa kasi, ukawa wimbo wa Wayne Smith uitwao Under Mi Sleng Teng, na muziki wa kisiwa kile haukurudi tena ulivyokuwa. Sijui kama kiwandani kule Tokyo kulikuwa na mtu aliyewafikiria maskini wa Kingston au wa Mbagala.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye jambo linalotuuma sisi wapenzi wa mashairi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 kinanda kiliingia katika taarab kwa kishindo. Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, na Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga zilishindana kwa mipasho katika kumbi za Dar es Salaam. Khadija Kopa alikuwa ametoka Culture Musical Club ya Unguja kwenda kuimba Bara. East African Melody ilionyesha kwamba kikundi cha watu wachache na vinanda kinaweza kujaza ukumbi ambao zamani ulihitaji safu nzima ya fidla. Hesabu haikuwa ngumu. Wapigaji ishirini na zaidi wanataka nauli, chakula na posho. Kinanda hakili.

Malalamiko yetu ya wakati ule yalikuwa kwamba umeme umeua taarab. Leo nadhani tulikosea mshitakiwa. Maqamu za rasti na bayati zinahitaji robo sauti, yaani sauti iliyo kati ya ufunguo mmoja na mwenziwe, ambayo kidole cha mpiga fidla au udi huipata bila kufikiri. Kinanda cha kawaida kimegawa mizani yake sehemu 12 sawa, na robo sauti haimo. Lakini Yamaha na Korg walikwisha kutengeneza vinanda kwa ajili ya soko la Waarabu, vyenye vitufe vya kushusha sauti fulani kwa robo, na huko Misri na Ghuba vilitumika bila maqamu kufa. Vilikuwa ghali zaidi na havikupatikana kirahisi Kariakoo. Kikundi kilichonunua kilichokuwepo dukani kilinunua pia mizani yake, na mwimbaji akalazimika kuufuata ufunguo. Baada ya miaka kumi sikio la msikilizaji nalo likafuata. Mchiriku haukudhurika hivyo, kwa sababu lahani zake hazikuwa zikisimama juu ya robo sauti tangu mwanzo. Chombo kile kile kilichomtajirisha mmoja kilimpunguzia mwenziwe.

Jambo hilo limejirudia, kwa ukali zaidi, katika mitambo ya kuchakata sauti ya mwimbaji. Programu ya Auto-Tune ilitoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kusoma mitetemo ya ardhi kwa ajili ya kutafuta mafuta, na hesabu zilizotumika kuchungulia chini ya ardhi akazigeuza kusikiliza koo la mwanadamu. Mwaka mmoja baadaye ikasikika katika wimbo wa Cher, kisha ikaenea hadi studio za bongo fleva, na sasa iko katika visanduku vidogo ambavyo mwimbaji huvikanyaga jukwaani. Programu hii huiona kila sauti isiyokaa juu ya mizani kuwa kosa, na kuisogeza. Bi Shakila, aliyeimba na Black Star na Lucky Star za Tanga, kisha JKT Taarab, na aliyeishi Mbagala hadi alipofariki mwaka 2016, alijaza nyimbo zake kwa mitelezo ya aina hiyo. Mashine iliyowekwa mizani ya Kizungu ingemsahihisha kuanzia ubeti wa kwanza.

Mwangwi una hatia nyingine, na hili nawaambia hasa watunzi. Shairi letu huweka kina mwishoni mwa kipande. Mwangwi mrefu huichukua silabi ile ya mwisho na kuirudisha mara mbili tatu, ikaangukia mdomoni mwa kipande kinachofuata. Msikilizaji husikia vina viwili vikigombana. Nimehudhuria harusi ambazo ubeti mzuri uliliwa namna hiyo, na mshika mitambo akatabasamu akidhani anautia nakshi. Anayenunua chombo cha mwangwi kwa ajili ya mashairi na anunue kile kinachoweza kufupishwa, hata kama ni cha bei ya chini.

Katika singeli, mtoto wa mchiriku, kinanda chenyewe kimetoweka. Kimeingia ndani ya kompyuta. Vijana wa Manzese, Mburahati na Mbagala hukata kipande cha taarab au cha mchiriku, wakakizungusha na kukikimbiza hadi mapigo 200, wakati mwingine karibu 300 kwa dakika, na juu yake mghani akamwaga maneno. Studio ya Sisso ilijulikana nje ya nchi mwaka 2017 kwa mkusanyo uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kompyuta iliyotumika mara nyingi na programu iliyomo havigharimu kitu kikubwa, na hapa tena bei ndiyo iliyofungua mlango. Kama maneno yanasikika kwa kasi ile ni suala ambalo wazee huniuliza kwa hasira. Mimi husikia nusu. Wajukuu wao husikia yote, na huyakariri.

Visanduku vya zamani bado vinatafutwa. Havitengenezwi tena, na vinanda vipya vya kampuni ile ile, vyenye sauti mamia na funguo pana, havikuwavutia wapigaji niliozungumza nao, kwa kuwa mlio wake ukipita katika honi huwa laini mno. Fundi hufungua kimoja kilichokufa ili kukiponya kingine. Usiku mmoja Tandika, mawe yalipoanza kuchoka na sauti ikaanza kukwama, nilimuuliza mpigaji angenunua nini kama angepata fedha za kinanda kipya. Hakufikiri. Alisema angenunua honi ya pili, aifunge upande wa choo, maana waliokaa kule walikuwa hawasikii maneno.