Nani Apite Kwanza: Kupishana Kati ya Gitega na Muyinga

Kati ya Gitega na Muyinga hakuna barabara ya njia nne. Lami inayotoka mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, ikavuka mto Ruvubu, ikapita Karuzi na kupanda hadi Muyinga, ina nafasi ya gari moja kwenda na gari moja kurudi. Mafundi wakichimba upande mmoja, au mvua ya masika ikimega kingo, haifungwi njia moja kati ya nne kama pale Thika au Kimara. Inafungwa nusu ya barabara nzima, na nusu iliyobaki inadaiwa na magari ya pande zote mbili. Hapo linarudi swali la zamani: nani apite kwanza? Jibu linalosikika kila msimu ni kwamba madereva wetu hawana ustaarabu. Silikubali jibu hilo. Watu wa vilima hivi walijua kupishana tangu enzi za njia za miguu. Kilichotokea ni kwamba kila utawala uliopita uliweka kipaumbele chake juu ya kile ulichokikuta, na kanuni ya mahali ambapo njia mbili zinakuwa moja haikupata kuwekwa wazi mbele ya macho ya dereva. Pengo hilo hujazwa na ukubwa wa lori, sauti ya honi na sare.

Kabla ya gari, njia za Burundi zilikuwa vichochoro vya kupanda na kushuka vilima, na mtu mwenye mzigo kichwani hakuweza kusogea pembeni kwa urahisi kama mtu mwenye mikono mitupu. Mgonjwa alibebwa katika ingovyi, machela ya kusukwa inayochukuliwa mabegani na wanaume wanne, na anayekutana na ingovyi hupisha bila kuombwa. Desturi hiyo haijafa kwenye vilima visivyofikiwa na gari. Hicho ni kipaumbele cha haja: hupishwa yule ambaye kusimama kunamgharimu zaidi. Sambamba nacho kulikuwa na kipaumbele cha cheo. Mtu mkubwa alipopita, wadogo walishuka njiani. Wajerumani walipohamishia makao yao Gitega mwaka 1912, na Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916, walikikuta cheo kikiwa njiani tayari nao wakakipanda. Ofisa wa kikoloni alibebwa mabegani na watu waliomtangulia waliwafukuza wengine mbele yake. Kipaumbele cha haja kiliendelea kuishi vijijini. Barabara ilikuwa ya cheo.

Kisha ikaja barabara ya gari, na namna ilivyojengwa inaeleza mengi. Wabelgiji walifungua barabara za Urundi katika miaka ya 1920 na 1930 kwa kazi ya shuruti: wanaume wa kila kilima walitolewa kuchimba, kusawazisha na kusafisha mitaro, kwa jembe na kapu. Waliochimba hawakuwa na gari. Magari yalikuwa ya serikali, ya misheni na ya wafanyabiashara wachache, na baadaye malori ya kahawa, zao lililosukumwa kwa nguvu kuanzia miaka ya 1930 katika maeneo ya kaskazini kama Ngozi na Muyinga. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima kwa upana wa gari moja haikuleta taabu kubwa siku ambazo magari yenyewe yalikuwa machache. Ufinyu huo ulirithiwa, na sehemu nyingi lami ililazwa baadaye juu ya ramani ileile na kona zilezile.

Ramani hiyo ilikatwa pia na mpaka. Mwezi Mei 1919, katika mapatano ya Milner na Orts, Uingereza na Ubelgiji ziligawana Afrika Mashariki ya Kijerumani: Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, Tanganyika kwa Waingereza. Bugufi, nchi iliyoko ng'ambo ya Muyinga ambako watu huzungumza lugha inayokaribiana sana na Kirundi, ikabaki Tanganyika, na leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Waingereza wakaendesha kushoto, Wabelgiji kulia. Ndiyo maana lori linalotoka Dar es Salaam likipitia Dodoma, Singida, Nzega na Kahama linafika Kabanga, mpakani upande wa Tanzania, likiwa upande wa kushoto, linakaguliwa, na linapoingia Kobero, upande wa Burundi, linahamia kulia. Kuhama kwenyewe ni mita chache. Matokeo yake yanafuatana na dereva hadi Gitega, kwa sababu magari mengi ya Burundi huagizwa yakiwa yametumika, kutoka Japani na Dubai, yakiwa na usukani upande wa kulia. Nchi inaendesha kulia na dereva ameketi kulia, yaani kando ya mtaro.

Tazama maana yake kwa karibu. Probox yenye abiria sita imekwama nyuma ya semi-trela iliyobeba saruji, kwenye mwinuko baada ya Karuzi. Dereva anataka kujua kama mbele ni peupe. Kutoka kiti chake anaona matairi ya nyuma ya trela, turubai na majani ya ukingoni. Ili aone upande wa pili lazima atoe karibu nusu ya gari katikati ya barabara, au amuulize abiria aliyeketi kushoto kwake. Abiria huyo, ambaye labda hajawahi kushika usukani, ndiye anayesema "njoo" au "subiri". Mtu anayeliona gari hilo likichungulia kutoka mbele anadhani limekuja kwa ubabe. Rwanda ilizuia kuingiza magari ya namna hiyo mwaka 2005. Burundi imeendelea kuyatumia, na kwa bei zake sioni jinsi mwananchi wa kawaida angeyaepuka. Lakini kanuni yoyote ya kuunganisha foleni inayomtaka dereva akisie kwa macho itashindwa hapa kabla haijaanza, maana macho yenyewe yameketi upande usiofaa.

Kuna sehemu moja ambayo dunia imeandika kanuni yenye hekima ileile ya ingovyi. Mkataba wa Vienna wa usafiri barabarani wa mwaka 1968 unasema kwamba kwenye barabara za milimani, ambako kupishana ni kugumu, gari linaloshuka ndilo linalosimama pembeni ili linalopanda lipite. Na ikibidi mmoja arudi nyuma kati ya magari ya aina moja, arudi anayeshuka, ila kama ni wazi kwamba ni rahisi zaidi kwa anayepanda. Sababu inajulikana kwa kila utingo aliyewahi kukimbilia jiwe la kuzuia tairi: lori lililosimama mlimani na mzigo kamili huanza tena kwa shida, likirudi nyuma kidogo kabla ya kushika. Madereva wa malori kati ya Kobero na Gitega hufanya hivyo bila kuusoma mkataba wowote. Huo ni ushahidi wangu wa kwanza dhidi ya hoja ya ustaarabu: pale ambapo kanuni inajulikana na sababu yake inaonekana, inafuatwa.

Ushahidi wa pili uko Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda na Tanzania. Daraja la zamani juu ya Kagera lilikuwa na njia moja, na malori yalivuka kwa zamu. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 40, mpaka lilipoanza kutumika daraja jipya la njia mbili, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa rasmi mwaka 2016. Ufinyu wa Rusumo ulikuwa wa kudumu, ulitangazwa, ulikuwa na msimamizi. Ufinyu wa ghafla, ule wa rundo la kokoto na matawi mabichi yaliyotandazwa kuonya, hauna hata kimoja cha vitu hivyo.

Hapa inafaa kupiga hesabu, maana watu huchanganya mambo mawili tofauti. Chukua sehemu iliyofungwa nusu, urefu wa mita 300, na lori linalokwenda kilomita 20 kwa saa. Litatumia sekunde 54 kuivuka. Pande mbili zikipokezana gari moja kwa moja, kwa saa nzima yatapita magari 66 tu, maana kila mara barabara inasubiri iwe tupu. Upande mmoja ukipitisha magari kumi yakifuatana kwa sekunde sita, kundi zima linamaliza kwa sekunde 108, na kwa saa yanapita zaidi ya 300. Kwa magari yanayokabiliana, basi, haki ni zamu ya makundi, na inahitaji mtu mwenye kibendera kila mwisho, wanaowasiliana. Wapo wanaosema polisi watatosha. Wanatosha wakiwapo, lakini polisi mmoja akiwa mwisho mmoja haoni urefu wa foleni ya upande wa pili, na huelekea kupitisha walio mbele yake, na kwanza kabisa wenye magari ya serikali. Cheo kinarudi mlangoni.

Kwa magari yanayokwenda upande mmoja hesabu ni nyingine, na Gitega inaihitaji zaidi kila mwaka. Tangu mji huu ulipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, mitaa iliyopimwa kwa boma na soko inabeba wizara. Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeongeza kizuizi ambacho hakuna fundi aliyekipanga: magari yanayosubiri petroli husimama kando ya barabara kwa siku kadhaa, na upande mzima unakuwa maegesho. Wanaopita hujikuta safu mbili, wakibanwa kuingia katika moja. Kanuni iliyothibitika ni kwamba safu zote mbili zitumike hadi pale zinapobanana, kisha zipokezane, gari moja huku na moja kule, kama meno ya zipu. Ujerumani imeiweka katika sheria yake ya barabara kwa miaka mingi. Ubelgiji, nchi ambayo sheria zake ndizo zilizozaa sheria za Burundi, iliifanya kuwa ya lazima tarehe 1 Machi 2014, kwa adhabu ya faini. Burundi ilipata sheria mpya ya usafiri barabarani mwaka 2012, kwa hiyo mabadiliko ya Ubelgiji yalikuja baada yake.

Pingamizi la kwanza linatoka moyoni, nami naliheshimu: anayekwenda mpaka mwisho wa safu tupu anachomekea, anawadhulumu waliopanga foleni mapema. Ingekuwa kweli kama safu ile ingekuwa ya wajanja peke yao. Ikiruhusiwa kwa wote na kuwekewa sehemu moja ya kuungana, hakuna anayemtangulia mwenzake isipokuwa kwa zamu. Na foleni inafupika: magari 40 yanayochukua mita nane kila moja hujaza mita 320 yakiwa safu moja, mita 160 yakiwa mbili. Katika mji ambao mita 320 zinaweza kuziba njia panda, hiyo ni tofauti kati ya kuchelewa kwa wachache na kukwama kwa mtaa mzima. Kanuni hii, hata hivyo, ni ya mwendo wa pole. Barabara ikiwa nyeupe na magari yanakwenda kasi, ni salama zaidi kuhamia mapema.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: dereva mwenye usukani kulia, akilazimika kuingia kushoto, hamwoni vizuri aliye ubavuni mwake. Ni kweli, na hapo ndipo zamu inapomsaidia. Leo anaingia kwa kubahatisha, akitegemea kioo na honi. Zamu ikijulikana, gari la safu ya pili lililo nyuma yake limeshamwachia nafasi, naye anajua nafasi hiyo ni yake. Kibao kimoja chenye mchoro, kilichowekwa mita 100 kabla, kinasomwa hata na asiyejua Kifaransa, Kirundi wala Kiswahili, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kuweka polisi wawili kutwa.

Pingamizi la tatu ni la baiskeli. Sijaliona likijibiwa popote, wala kanuni ya Ulaya hailijibu. Kwenye miinuko ya Burundi waendesha baiskeli hushikilia nyuma ya malori ili wavutwe, wakiwa wamebeba ndizi, makaa au magunia. Lori likiingia pembamba, huyo aliyening'inia upande wa nje hubanwa kwanza, na zamu ya gari kwa gari haimhesabu. Kwake yeye inabidi turudi kwenye kipaumbele cha haja: eneo la matengenezo lipangwe na ukanda wake wa pembeni, hata mita moja ya udongo ulioshindiliwa, na mwenye kibendera awapitishe wa baiskeli kabla ya kuliachia lori. Reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati, ambayo mkataba wa ujenzi wake ulitiwa saini mwaka 2025, ikifika Gitega siku moja itapunguza malori. Mpaka hapo, saruji na mafuta vitaendelea kupanda kwa tairi kutoka Kobero, na mikataba ya ukarabati wa barabara itaendelea kuandikwa. Katika mikataba hiyo, pamoja na unene wa lami na upana wa mtaro, paandikwe pia wenye vibendera wawili, kibao cha zamu na ule ukanda wa baiskeli, na mkandarasi asilipwe kabla ya vyote vitatu kuonekana barabarani.