Kambi za Misafara Kando ya Mashamba ya Dagoretti

Kabla haujakuwapo mji wa Nairobi, wala vitongoji vyake vya magharibi tuvijuavyo leo kwa majina ya Lavington, Karen na Kabete, mahali palipo chini ya vilima vya Ngong, pale mbuga ya Wamasai ilipokutana na msitu wa Wakikuyu, palijulikana na watu wa pwani kwa jina la Ngongo Bagas, napo palikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka Mombasa kwenda Baringo na Kavirondo. Kwani hapo ndipo wapagazi walipojaza mifuko yao chakula cha siku nyingi kabla ya kuikabili nchi ya wafugaji, ambamo hapakuwa na nafaka ya kununua. Joseph Thomson alipiga kambi hapo mwaka 1883, na Teleki wa Hungaria akamfuata mwaka 1887, lakini wote wawili walipitia njia iliyokwisha kukanyagwa na Waswahili waliotafuta pembe.

Kambi ile ilikuwa na adabu yake. Msafara haukuingia msituni wala haukukaribia mashamba, bali ulisimama ukingoni, mahali peupe, ukajizungushia boma la miiba, kisha ukangoja wenyeji waje wenyewe. Na waliokuja aghalabu walikuwa wanawake wenye viazi, maharagwe, mtama na ndizi, waliouza kwa ushanga, masango na nguo za merikani, nao hawakuguswa, maana mwanamke mwenye mzigo wa soko aliheshimiwa katika nchi ile hata Wamasai na Wakikuyu walipokuwa vitani. Sisemi kwamba adabu hiyo ilitokana na wema mtupu, kwa kuwa mishale iliyokuwa nyuma ya miti ilijulikana na kila mpagazi. Walakini hofu na heshima zilikaa pamoja, na mwenye shamba alibaki bwana wa shamba lake.

Mambo yakageuka Oktoba 1890, alipowasili Kapteni Frederick Lugard kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Yeye hakuridhika na ukingo wa msitu. Aliingia Dagoretti penyewe, katikati ya wakulima, akajenga ngome, ila hakufanya hivyo bila idhini, kwani alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, mzee mwenye taadhima katika sehemu zile, na akasisitiza kwamba kila kitu kilipiwe. Kisha akaendelea na safari ya Uganda, akamwacha George Wilson na watu wachache. Bidhaa za kununulia chakula zikapungua, na tumbo halingoji shehena kutoka Mombasa. Wapagazi na askari wakaingia mashambani, wakachimba viazi wasivyovipanda na kukata ndizi zisizo zao, wakawabughudhi na wanawake. Wengi wao walikuwa watu wa pwani yetu, na haifai tarikhi yetu ilifiche jambo hilo, ijapokuwa dhambi kubwa zaidi naiona kwa Kampuni, iliyowaweka watu nchi ya mbali bila kuwahakikishia posho ya kibaba kwa siku. Mwaka 1891 ngome ilihamwa, na Wakikuyu wakaichoma moto.

Kampuni haikujifunza adabu, ikajenga ngome nyingine Kabete mwaka huo huo, iliyoitwa Fort Smith, na Agosti 1892 Waiyaki, yule yule aliyekuwa mwenyeji wa kwanza, akakamatwa ndani yake, akasafirishwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi.

Wafugaji nao walikuwa na mipaka yao. Novemba 1895, katika bonde la Kedong, msafara wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu ulizusha ugomvi katika maboma ya Wamasai, na mamia ya wapagazi wakauawa. Serikali ilipochunguza, ikakiri kwamba uchokozi ulianzia kwa watu wa msafara.

Reli ilipofika Nairobi mwisho wa Mei 1899, mahema ya mafundi na vibarua yalisimamishwa kando ya kinamasi, katika malisho ya Wamasai, pale palipo katikati ya jiji leo, na mji ukaota papo hapo. Wakati ule ule nchi ya Wakikuyu ilikuwa imeshikwa na ndui na njaa kuu, wakulima wengi wa Kabete na Dagoretti wakafa au wakarudi kwa jamaa zao Murang'a, mashamba yakaota magugu. Basi mgeni aliyekuja na Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya mwaka 1902 mkononi akayaita magugu hayo nchi tupu, ilhali kila kipande kilikuwa na ukoo uliokimiliki.

Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, alieleza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kadhia nzima: kwamba wazee waliowaruhusu Wazungu kujenga Dagoretti na Fort Smith waliwadhani ni wapita njia waliokuja kufanya biashara, ambao hatimaye wangerejea kwao, wakawapokea kwa desturi ya muhoi, yaani mtu anayepewa ardhi aitumie kwa fadhila ya mwenyewe bila kuimiliki. Ruhusa ya kulala iligeuzwa kuwa hati ya kukaa, na mwenye shamba akawa ndiye wa kuomba ruhusa.

Siku hizi vijana wa Nairobi hupanda vilima vya Ngong na mahema migongoni, na miteremko ya pande zile imegawanyika katika viunga vidogo vya mahindi na sukuma wiki. Sheria ya Kenya, Sura ya 294, yamkataza mtu kuingia au kubaki katika ardhi ya mwenziwe bila idhini ya mwenye kuikalia, wala haimbagui mwenye eka moja na mwenye eka elfu; kwa hiyo mkulima yeyote wa pande zile, akiona hema ukingoni mwa mahindi yake, aweza kumwambia mgeni alikunje, na neno lake likasimama mbele ya hakimu.