Mtunza bustani

Mtunza bustani ni mtu anayelipwa kupanda na kutunza nyasi, maua, miti na ua katika nyumba, ofisi, shule au hoteli. Katika miji ya Kenya na Tanzania kazi hii hufanywa na kibarua anayelipwa kwa siku, na mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, au na fundi wa kujitegemea (wakati mwingine kampuni) anayekuja na vifaa vyake na kulipwa kwa kazi nzima. Tofauti hizo huonekana ndogo siku ya kupatana bei, lakini ndizo zinazoamua nani anawajibika siku mtu anapoumizwa na mashine ya kukata nyasi.

Jina

Neno "shamba boi" bado linasikika katika nchi zote mbili. Lilitoka katika nyumba za walowezi na maofisa wa kikoloni, ambako hata mwanamume mwenye wajukuu aliitwa "boi". Kwa sababu hiyo wengi huliona la dharau.

Mtunza bustani si sawa na msanifu wa mandhari, ambaye huchora mpango wa eneo zima: njia, mitaro ya maji ya mvua, miti na mahali pa kukaa. Usanifu wa mandhari hufundishwa chuoni, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT) nchini Kenya. Watunza bustani wengi hujifunza kazi kwa kumfuata fundi mwingine, au kwenye vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara kubwa za Nairobi na Dar es Salaam.

Nyasi na maji

Fundi hujulikana kwanza kwa nyasi anazopendekeza. Nyasi za Kikuyu (*Cenchrus clandestinus*) zina asili yake katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Hustawi penye baridi kama Nairobi au Limuru, lakini hutambaa haraka na kuvamia vitanda vya maua zisipodhibitiwa. Ukoka (*Cynodon dactylon*) huvumilia joto na ukame. Pwani, ambako maji ya kisima mara nyingi yana chumvi, hupandwa paspalamu (*Paspalum vaginatum*) kwa kuwa huistahimili. Nyasi za Kikuyu na ukoka hazipendi kivuli kizito. Mwenye nyumba anayemlaumu fundi kwa upara ulio chini ya mwembe anamwonea.

Nyasi hukatwa mara kwa mara na kidogo kidogo: kanuni ya kawaida ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja. Zikiachwa zirefuke kisha zifyekwe hadi chini, hugeuka manjano na magugu hupata nafasi. Gugu linalosumbua zaidi ni ndago (*Cyperus rotundus*). Ukiling'oa majani tu, viazi vyake hubaki ardhini na kuchipua tena, kwa hiyo fundi anayeahidi kulimaliza kwa siku moja anauza maneno.

Gharama ambayo wateja husahau ni maji. Milimita moja ya maji katika mita moja ya mraba ni lita moja. Bustani ya mita 100 za mraba ikipewa milimita 25 kwa wiki huhitaji lita 2,500, na penye mgao wa maji hizo huenda zikanunuliwa kwa boza. Ndiyo maana nyasi mpya hupandwa mwanzoni mwa masika au vuli.

Kuchagua na kupatana

Picha za kazi iliyokamilika jana hazithibitishi mengi, kwa sababu karibu kila bustani huwa ya kijani siku ya kukabidhiwa. Ni bora kuomba kuonyeshwa bustani ambayo fundi ameitunza kwa miezi sita au zaidi, ikiwemo ya kiangazi, na kuzungumza na mwenyewe.

Ugomvi mwingi hutokana na mambo ambayo hayakutajwa: nani ananunua petroli ya mashine na samadi, nani anaondoa nyasi zilizokatwa, ua utapunguzwa mara ngapi, na miche ikifa ndani ya mwezi wa kwanza nani atapanda mingine. Eneo hupimwa kabla ya bei kutajwa. Karatasi moja yenye mambo hayo na sahihi mbili inatosha.

Sheria

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Mtu "wa kutwa" aliyekuja kila siku kwa mwaka mzima, kwa hiyo, ana haki ya likizo na ya taarifa kabla ya kuachishwa. Amri ya mishahara humweka mtunza bustani katika kundi la chini kabisa, pamoja na wafagiaji na wafanyakazi wa nyumbani. Tangu Mei 2022 kima cha chini cha kundi hilo Nairobi na Mombasa kilikuwa shilingi 15,201.65 kwa mwezi bila posho ya nyumba, na kimepandishwa tena baadaye.

Nchini Tanzania, amri ya mishahara hutazama hata mwajiri ni nani: mfanyakazi wa nyumbani wa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa huwekewa kima cha juu kuliko wengine. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kipengele muhimu kwa wanaoitwa "mafundi wa kujitegemea". Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano anapewa vifaa na mwenye kazi, anapangiwa saa na namna ya kufanya kazi, au amemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Akiwa mwajiriwa, ajali ya kazini ni suala la fidia, ambayo nchini humo hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Dawa

Viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na nchini Kenya na bodi yake ya viuatilifu (PCPB). Mpuliziaji anahitaji glavu, buti, miwani na barakoa inayofaa, na hivyo viingizwe kwenye bei. Makopo matupu hayafai kuchotea maji hata yakioshwa.