Mtoto, Hukumu na Amri: Maneno ya Sheria na Safari Yake

Ukimwuliza mzee wa pwani mtoto ni nani, huenda akakujibu kuwa ni yule ambaye hajabaleghe. Ukimdadisi atataja dalili za mwili, na zisipoonekana, miaka 15 ya kuhesabiwa kwa mwezi mwandamo, kama wafundishavyo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi. Lakini mzee huyohuyo atamwita mwanawe mwenye miaka 40 “mtoto wangu” na asione kwamba amejikanganya. Kwetu neno mtoto hutaja uhusiano kwanza, umri baadaye. Sheria haiwezi kufanya kazi na neno la namna hiyo. Yenyewe hutaka tarakimu. Makala haya yanafuatilia tarakimu hizo zilivyofika Uganda, pamoja na maneno yaliyoandamana nazo, ambayo sisi walimu wa tafsiri tumeyasahau kidogo.

Kwa karne nyingi majaji wa Uingereza walishikilia kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hawezi kutenda jinai. Kati ya miaka 7 na 14 alidhaniwa kuwa hana uwezo wa kukusudia uovu, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kuwa alijua alitendalo ni baya. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 iliibakiza 7, ikaishusha 14 kuwa 12. Kanuni hiyo ya India ndiyo iliyotumiwa Uganda na Kenya mwanzoni mwa ukoloni. Mwaka 1930 ilibadilishwa kwa kanuni mpya, ambayo asili yake ni sheria ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899, iliyopitia Nigeria kwanza. Pamoja na mzunguko wote huo, mtoto wa Uganda alibaki na 7 na 12 zilezile. Hakuna aliyewauliza wazee wa Buganda au Acholi mtoto huanza lini kuwajibika.

Uingereza yenyewe haikubaki hapo. Ilipanda hadi miaka 8 mwaka 1933, na 10 mwaka 1963. Uganda ilingoja hadi Sheria ya Watoto ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika 1997. Sheria hiyo ilitamka kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, kama ilivyokwisha kusema Katiba ya 1995, na kwamba chini ya miaka 12 hakuna jinai. Jirani zetu wa Kenya walikaa na miaka 8 hadi 2022, walipopandisha hadi 12. Tanzania Bara ni 10, Zanzibar 12. Kijana wa miaka 11 akiiba simu, kushtakiwa kwake kunategemea yuko upande gani wa mpaka.

Lakini tarakimu haina maana kama tarehe ya kuzaliwa haijulikani. Tuchukue mfano wa kijana aliyefikishwa mahakamani mwishoni mwa 1997, ambaye mama yake anasema tu kwamba alimzaa “mwaka Amin alipokimbia”. Mwaka huo ni 1979. Akiwa alizaliwa mwezi wa Februari ni mtu mzima. Akiwa wa Desemba, bado ni mtoto. Kwa mtoto, hata kosa ambalo mtu mzima angenyongewa, kizuizi hakizidi miaka mitatu. Sheria inamwagiza hakimu achunguze umri na apokee ushahidi, ukiwemo wa daktari. Hapo mkalimani anayetafsiri maneno ya mama kwa haraka, akaacha “kabla ya mavuno” au “baada ya mavuno”, amepoteza jambo kubwa sana.

Nije sasa kwenye maneno. Mwaka 1933 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku maneno mawili yasitumiwe kwa watoto katika mahakama zao: lile la kutiwa hatiani na lile la kupewa adhabu. Sheria ya Uganda ya 1996 ina katazo hilohilo. Badala yake hutumika “amri”, na maneno ya Kiingereza ambayo yakitafsiriwa neno kwa neno yanakuwa “kuthibitika kwa kosa dhidi ya mtoto”. Mwanafunzi akiandika hivyo amepotosha kabisa, kwa sababu Kiswahili kitaeleweka kuwa mtoto ndiye aliyetendewa kosa! Iliyo sahihi ni “kuthibitika kwamba mtoto alitenda kosa”. Ni ndefu, lakini inasema kilichokusudiwa.

Neno “hukumu” ni gumu zaidi. Kwa Kiswahili hukumu ni uamuzi wa mahakama, na pia ni adhabu inayotokana nao. “Amehukumiwa” masikioni mwa mzazi maana yake amefungwa. Ilhali mahakama ya kijiji, ambayo sheria imeipa uwezo wa kusikiliza makosa madogo ya watoto kama wizi na kupigana, inaweza kuamuru upatanisho, fidia, kurudisha mali, au kuomba radhi. Mzazi akiambiwa “mahakama imetoa amri kwamba mwanao aombe radhi” ataelewa, na atarudi naye nyumbani. Akiambiwa “mwanao amehukumiwa”, ataanza kuulizia njia ya gereza.