Kiuamwani na Kidumazamwani

Tabaka ni mji wa mawe ya sabuni, na bahari iko mbali. Hata hivyo, shimo lililoachwa baada ya mawe kuchimbwa hujaa maji ya mvua, na maji yakituama juani hugeuka kijani. Mwanafunzi wa sekondari atakuambia kuwa kijani hicho ni mwani. Mama wa Kibuyuni, Kwale, anayefunga mwani kambani akiusubiri ukomae auze, atamshangaa: mwani wake unashikika mkononi, na ni mali. Wote wamesema kweli. Hata katika Kilatini, alga lilikuwa jina la mwani wa ufukweni kabla wanasayansi hawajalipanua likakumbatia pia viumbe vya seli moja visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo sioni haja ya kuazima jina jingine.

Shida inaanza tunapotaka kuwataja bakteria wanaoua mwani. Kiswahili kimeshafungua njia: tuna kiuavijasumu hospitalini, na kiuadudu na kiuagugu shambani. Kiuamwani basi linajiunda lenyewe. Lakini maneno hayo yote hutaja dawa, kitu cha kupimwa kwa kijiko na kutiwa kwenye chupa, ilhali bakteria ni kiumbe chenye njaa zake. Napendekeza kiuamwani libaki jina la kemikali, na kiumbe aitwe bakteria muua mwani, wakiwa wengi bakteria waua mwani. Tofauti hii si ya urembo. Kordia algicida, aliyepatikana katika Ghuba ya Masan, Korea Kusini, na kupewa jina mwaka 2004, huua mwani wa seli moja uitwao diatomu kwa kumwaga kimeng'enya kinachovunja protini. Hapo bakteria ni muuaji na kimeng'enya ndicho kiuamwani. Wapo wengine ambao hawaui mpaka waliguse windo lao.

Kisha kuna wasioua kabisa. Wanazuia seli zisigawanyike, mwani unabaki hai lakini hauongezeki. Kitu cha namna hiyo ningekiita kidumazamwani, maana kudumaa ndiko hasa kunakotokea, na kila mzazi aliyempeleka mtoto kliniki analijua neno hilo.

Wakati mwingine hata neno muuaji halitoshi. Phaeobacter inhibens huishi kwa amani na mwani mdogo wa baharini uitwao Emiliania huxleyi, akiulinda na kuuchochea ukue. Mwani ukizeeka huachia kemikali fulani, na mgeni yule yule, akiinusa, huanza kutengeneza sumu ya kummaliza mwenyeji wake. Watafiti walilieleza jambo hilo mwaka 2011. Utamwita nani huyo, mlinzi au muuaji? Mimi naona istilahi itaje tendo, isitaje tabia.

Zanzibar, ambako kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza mwaka 1989, habari hugeuka kichwa chini. Maji yakipata joto kupita kiasi, matawi ya mwani hudhoofika, huwa meupe kama barafu, kisha hukatika. Bakteria wa jamii ya Vibrio ni miongoni mwa wanaohusishwa na ugonjwa huo. Kifo cha mwani anachokitafuta mtaalamu wa maji machafu ndicho kinachomfilisi mkulima, ambaye mara nyingi ni mwanamke.

Sasa turudi bara. Mto Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja, hushuka kutoka milima ya Nyamira, hupita Kisii na kuingia Ziwa Viktoria upande wa Migori. Fosforasi na naitrojeni zinazotiririka kutoka mashambani na mijini huulisha mwani wa ziwani. Katika Ghuba ya Winam utando wa kijani mara nyingi ni wa Microcystis, ambaye kibayolojia ni bakteria anayejitengenezea chakula kwa jua, ingawa kila mtu humwita mwani. Bakteria muua mwani akimshambulia huyo, ni bakteria kwa bakteria.

Microcystis hubeba ndani ya seli zake sumu inayodhuru ini. Ukizipasua seli zote kwa mkupuo, sumu humwagika majini, na haiondoki kwa kuchemsha. Ndiyo maana afisa wa maji anayesoma lebo ya dawa anahitaji kujua kama ameshika kiuamwani au kidumazamwani kabla hajafungua kizibo.